Milimita Tatu kwa Sekunde

Suhar, Julai, saa nane mchana.
Nje, usukani wa gari haushikiki bila kitambaa.
Ndani nimemimina naitrojeni ya majimaji,
nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri,
nayo inatokota kwa baridi yake
kama sufuria iliyosahauliwa
na mtu ambaye hakuwasha moto.

"Tazama," namwambia Muzna, mwanafunzi wangu,
"upana wa tepe hii ni ukucha wa kidole cha mwisho.
Mkondo unaopita humu bila ukinzani
ungeyeyusha nyaya za nyumba yenu.
Na kinachoubeba ni utando tu,
mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu.
Kilichobaki ni chuma cha kuushikilia
na shaba ya kuulinda."

Nikabonyeza hita. Nukta moja, katikati.
Joto lisilotosha kuchemsha tone la kahawa.

Waya wa zamani, ule wa baridi kali zaidi,
ukiumwa mahali pamoja hupiga ukelele:
joto hutimua mbio, mita kwa mita,
mwili mzima ukajua,
mkondo ukakatwa, waya ukapona.
Tepe haipigi ukelele.
Joto lake hwenda milimita tatu kwa sekunde,
mwendo wa chungu aliyebeba sukari,
na huku na huku ni baridi, ni salama,
kipimo kinasoma karibu na sifuri,
hadi nukta ile inapogeuka nyeusi.

"Sasa mtu atajuaje?" akauliza Muzna.

Sikumjibu papo hapo.

Baba, Harith bin Msellem,
alitoka Wete na sanduku la mbao,
akapata kazi kwenye tanuri la shaba, Wadi Jizi.
Jioni alirudi na vumbi la kijani kwenye kope.
Alizungumza Kiswahili chumbani,
barazani alizungumza kimya.
Barua ilipofika kwamba mamaye amezikwa,
wiki ya tatu sasa,
aliikunja mara nne, akaitia mfukoni,
akala wali wake wote, akaomba maji.
Tukasema, mzee kapoa.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi.

Watu walikuja, wakaja, wakaja.
Kahawa, tende, halua, kahawa.
Nimeyaona haya leo ndani ya ndoo:
povu chache huchukua joto na kuondoka nalo,
povu zikizidi huungana, zikawa shela,
na tepe ikaungua ndani ya shela lake
huku imezungukwa na baridi pande zote.

Alianguka bafuni, Jumatatu moja, saa kumi na moja alfajiri.
Mkondo wote ukahamia kwa mama.
Ada zetu, bili ya maji, kesi ya kiwanja,
shangazi wawili wasiosemezana.
Mama ni shaba. Ana ukinzani, anapata joto,
usiku namsikia akigugumia na mto,
lakini hajakatika.

Nimeitoa tepe. Ina alama
ndogo kama punje ya mtama.
Muzna ameigusa kwa kucha, ikapukutika.
"Kila sentimita," nikamwambia mwishowe.
"Bandika waya wa kipimo kila sentimita.
Usiuamini urefu uliotulia."

Usiku nilimpigia mama.
Hujambo? Sijambo.
Hicho ni kipimo cha mwanzo na mwisho,
hakionyeshi kitu.
Nikaanza upya: goti la kushoto?
Jana ulilala saa ngapi?
Chakula cha mchana ulikula na nani,
na ulikimaliza?

Akanyamaza kidogo.
"Wewe mtoto, unanipima?"

Ndiyo, mama.
Sogea. Bado sijafika katikati.